Mdudu Bapa Katika Kopo la Mzee

Mdudu mwenyewe ni mdogo, urefu wake haupiti ukucha wa kidole gumba. Ni bapa, kama kipande cha jani la muhindi kilichokatwa kwa wembe. Mgongo una rangi ya majivu yaliyolowa, tumbo ni jeupe kidogo. Hana miguu. Hajikunji na kujinyoosha kama ruba, wala hashiki ngozi ya mtu. Anateleza tu, kama tone la mafuta kwenye sahani, na hata ukimkazia macho huoni kinachomsukuma. Kichwa chake kina umbo la pembetatu, na juu yake kuna macho mawili meusi yaliyokaribiana, kama ya mtu mwenye makengeza. Ukimweka juani anatafuta kivuli.

Ninamweleza kwanza kwa sababu katika nyumba ya shemeji yangu huko Baraka, kando ya ziwa, kila mtu alimtazama mdudu huyu, na kila mtu aliona kitu kingine.

Nilikuwa nimeshuka Baraka kumalizia shule ya msingi. Kijijini kwetu, katika milima juu ya Fizi, shule iliishia darasa la pili, kwa hiyo nilikuwa kijana mwenye sauti nzito niliyekaa benchi moja na watoto wadogo. Nilikuwa na haya, na niliandika polepole. Mwalimu aliposoma imla, wenzangu walimaliza mimi nikiwa bado kwenye sentensi ya kwanza. Alinipiga kwenye vidole vilevile vilivyochelewa, vidole vikavimba, vikachelewa zaidi. Watoto waliniita Konokono. Njiani waliweka maganda ya konokono mbele yangu wakisema nisalimie ndugu zangu.

Kwa hiyo baada ya shule sikukaa nao. Nilikwenda peke yangu upande wa kusini, ng'ambo ya kijito, mahali ambapo mchanga unakwisha na ufuko unakuwa wa mawe. Hakuna mtu aliyekuja huko. Nilidhani wanaogopa mamba. Kulikuwa na vigae vingi vya vyungu kati ya mawe, na maji yalikuwa safi mpaka ukaona kivuli cha samaki mdogo kwenye sakafu ya ziwa. Nilifua shati langu, nikalitandika, na wakati linakauka niligeuza mawe. Chini ya karibu kila jiwe alikuwapo yule mdudu bapa, mmoja au kundi, akikimbia mwanga. Nilimwacha atembee juu ya mkono wangu. Hakuuma. Aliacha ute mwembamba, basi.

Nyumba niliyokaa ilikuwa ya mume wa dada yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya kama sisi tunavyowaita wakubwa wetu. Shemeji alifanya kazi ya kupanga magunia kwenye depo ya pamba. Alikuwa mtu mwema alipokuwa peke yake na mkewe, lakini mbele ya ndugu zake aliangalia miguu yake. Alikuwapo baba yake, mzee mgonjwa aliyelala kwenye kitanda cha kamba karibu na mlango. Alikuwapo mtoto wa yaya, mvulana aliyeanza kusema, ambaye wote walimwita Kazee kwa kuwa alirithi jina la babu yake. Na alikuwapo wifi wa yaya, dada mkubwa wa shemeji.

Huyo wifi ndiye aliyekuwa na nyumba mkononi. Alikuwa ameolewa Swima, akarudishwa kwao kwa sababu hakuzaa. Alijua kupika ndagala, wale dagaa wa ziwani, kuliko mwanamke yeyote niliyewahi kula chakula chake, na alijua kusema neno dogo likakaa ndani yako wiki nzima. Nikichukua kipande cha pili cha ugali alisema kwa upole, "Kula, mutoto ya mulima, kwenu iko njaa." Mtoto alipolia alimtoa mikononi mwa mama yake, na mtoto akanyamaza, na wifi akamtazama yaya.

Ugonjwa wa mzee ulikuwa wa tumbo. Mikono na mapaja yalikonda, tumbo likavimba likang'aa kama limepakwa mafuta, zaidi upande wa kulia. Katika nyumba ile maji ya mgonjwa huchotwa na mkwe wake wa kike, alfajiri, kabla hajamsalimu mtu. Mtungi wake haumwagwi kamwe mpaka chini. Maji mapya yanaongezwa juu ya yale ya jana, ili mgonjwa asikauke. Yaya alishika desturi hiyo vizuri kuliko mtu aliyezaliwa nayo. Alitoka giza likiwa bado, akarudi na mtungi kichwani na midomo imefungwa, akapiga magoti, akamnywesha. Mzee alisema maji yake ni matamu. Alimwambia kila aliyekuja kumwona kwamba amepata binti uzeeni.

Asubuhi moja mwanzoni mwa mvua yaya alikuwa nyuma ya nyumba akimwogesha Kazee, na mzee aliita kwa kiu. Wifi akammiminia yeye. Kopo la mzee lilikuwa la bati lililopakwa rangi nyeupe ndani. Wifi alitazama ndani ya kopo, akachukua sahani, akalifunika, akaliweka katikati ya uwanja. Hakupiga kelele. Alimwamsha shemeji, kisha akaenda nyumba ya jirani kuwaita wazee wawili wa ukoo, na walipofika aliinua sahani.

"Mukuye muone kitu baba yetu iko anakunywa," alisema.

Niliona mara moja kwamba ni yule wa kwenye mawe. Lakini mbele ya wazee wa wakwe si mahali pa ndugu wa mke kusema, tena asiyeulizwa.

Shemeji alileta kisu cha samaki. Alimwaga maji polepole mpaka mdudu akabaki kwenye sahani, akamkata katikati. Tulingoja afe. Kipande cha kichwa kiliendelea na safari yake kuelekea ukingo wa sahani. Kisha kipande cha mkia nacho kikaanza kuteleza, upande mwingine, kama mtu aliyekumbuka shughuli yake. Mzee mmoja alisogeza kigoda chake nyuma.

"Munaona?" alisema wifi. "Hii haiko mududu ya kufa."

Yaya alifika wakati huo, mtoto akiwa mgongoni, mikono ikiwa na povu la sabuni. Alitazama sahani, akatazama nyuso zetu zilizokunjamana kwa sababu ya kitu kidogo vile, akacheka. Alikuwa na desturi ya kucheka akiziba mdomo kwa mkono. Hakujua bado ni nini. Lakini kicheko kile walikihesabu, na baadaye kila aliyesimulia habari ile alianza hapo, kwamba mke wa fulani aliona mdudu wa baba mkwe wake akacheka.

Wifi hakuwa mjinga. Alichosema kilikuwa na sura ya kweli, na hilo ndilo lililotuumiza. Muda mfupi kabla ya hapo, siku ya soko, wafugaji wa milima mirefu walikuwa wameteremsha ng'ombe, na mmoja akachinjwa. Muganga wa disipanseri, ambaye ndiye aliyekagua nyama, alipasua ini, na ndani yake walitoka wadudu bapa kama majani madogo. Aliamuru ini lifukiwe. Soko zima lilikuwa limeona. Sasa wifi aliweka mambo hayo pamoja, moja baada ya lingine, kwa sauti ya mtu anayepanga vyombo. Mdudu ni bapa. Wa ini ni bapa. Baba amevimba upande wa ini. Anayemchotea maji ni mmoja. Na huyo mmoja anatoka milimani, ambako baba yake hubadilishana mahindi na maziwa na watu wa ng'ombe.

"Alimuletea baba mududu ya maini," alisema. "Kidogo kidogo, ndani ya maji. Na sisi tunasema asante."

Yaya hakuelewa kwa muda. Kisha akamwangalia mumewe. Shemeji alikuwa anafuta kisu kwenye majani, upande huu, upande ule.

Wazee waliamua kwamba ukoo utakaa Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani. Hawakuhitaji kueleza kitakachotokea kama mambo yatathibitika. Yaya atarudi kwao, na Kazee atabaki. Mahari ilikuwa imetolewa yote, mbuzi, majembe na nguo za mama yetu. Mtoto alikuwa wao. Hilo halikuwa na mjadala, hata baba yetu mwenyewe asingelipinga.

Kesho yake nilimfuata yaya kwenye shamba la pamba. Alikuwa anapalilia kwa nguvu, kama anayegombana na ardhi, na mtoto alikaa kwenye kanga mwisho wa mstari akila udongo bila mtu wa kumkataza. Nilimwambia ninamjua yule mdudu.

"Unamujua namna gani?"

Nilimwambia wako wengi kule kwenye mawe, wanakaa chini ya mawe, wana macho, hawaumi. Na wa ini nimewaona pia, kwetu, kila baba aliponunua nyama kwa wafugaji. Wa ini ukimtoa kwenye ini na kumtia maji baridi anajikunja na kufa. Hatembei. Hana macho.

Yaya aliacha jembe likaanguka, akakaa palepale kwenye mstari wa pamba. Alisema yeye huchota maji ya mzee kulekule kwenye mawe. Maji ya kwenye mchanga, ambako wanawake wote wa Baraka wanaingia na mitungi, alisema yana sabuni na magamba ya samaki, na yeye kwao alifundishwa kwamba maji ya mtu mgonjwa ni yale yanayotoka kati ya mawe. Alikuwa ametembea ufuko mzima kabla ya kupata mahali panapofanana na chemchemi ya nyumbani. Kumbe mdudu ameingia mwenyewe alipokuwa anainamisha mtungi. Alianza kucheka tena, safari hii machozi yakitoka.

"Utasema Jumapili," aliniambia.

Nilimwambia siwezi, mbele ya wakwe, sauti haitatoka.

"Itatoka. Mi nikisema, ni mudomo ya mutu banamushitaki. We ukisema, ni masomo." Kisha akavuta shati langu kwa nguvu mpaka kifungo kikakatika. "Banataka mutoto wangu. Unasikia? Haiko mambo ya mududu. Banataka mutoto."

Jumapili walikuja wengi kuliko nilivyofikiri. Walimketisha mzee kwa kumwegemeza kwenye mlango. Muganga wa disipanseri aliitwa, kwa maana wifi mwenyewe alitaka aje. Alikuwa na hakika kabisa. Muganga alikuwa mtu wa Uvira, mwenye saa mkononi, na alileta chupa ndogo yenye mdudu wa ini ndani ya alkoli, pamoja na kioo chake cha kukuzia.

Kipande cha kichwa kilikuwa bado hai, kwa kuwa wifi alikihifadhi kwenye kopo chini ya sahani kama ushahidi. Muganga alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akamtoa yule wa chupa kwa kibanio, akamlaza pembeni. Sisi tuliona tofauti hata bila kioo. Wa ini alikuwa mpana kama jani, na mbele amechongoka kama mdomo wa ndege. Muganga alisema hapo kwenye ncha ana mdomo wa kunyonyea, na tumboni ana kibandiko cha kushikia. Huyu wa kopo hana vitu hivyo, na ana macho. Mdudu anayeishi gizani ndani ya ini, alisema, hahitaji macho.

"Labda huyu ni mutoto yake," alisema wifi. "Batoto habafanani na baba kila siku."

Watu walicheka kidogo. Muganga alisema hilo ni swali zuri. Angeweza kujibu kama angeona mahali mdudu huyu anapoishi, akaona wakubwa na wadogo pamoja.

Yaya alinitazama. Nilisimama. Nilisikia masikio yangu yakiwaka, na mtoto mmoja wa shuleni aliyekuwa kwenye ua akanong'ona "Konokono", lakini sauti ilitoka. Nilisema ninajua wanapoishi, nitaleta. Nilichukua beseni na kukimbia. Kwenye mawe niligeuza mawe mpaka nikapata moja bapa, kubwa kama Biblia, lililojaa wadudu, wakubwa kwa wadogo, nikalitia katika beseni na maji yake, nikarudi nikiwa nimelowa mpaka kifuani.

Muganga aligeuza jiwe. Wadudu walikimbia mwanga, kama kawaida yao. Aliwatazama wote kwa kioo, mmoja mmoja, akampa mzee wa kwanza kioo, naye akampa wa pili. Wadogo walikuwa sawa na wakubwa, macho yaleyale. Muganga alimtia mmoja kwenye kiganja chake, akaunyoosha mkono kila mtu aone kwamba haumi. Akasema huyu ni mdudu wa majini, anakula uchafu mdogomdogo na wanyama waliokufa, hakai ndani ya mtu. Tumbo la mzee lina sababu nyingine, na angekuwa ameletwa disipanseri mapema angejaribu kuitafuta. Akasema maji yachemshwe. Basi.

Nakumbuka jinsi yaya alivyopumua. Alimchukua Kazee kutoka kwenye mkeka, akamfunga mgongoni, akafunga fundo mbele ya kifua, akalikaza. Shemeji alitabasamu, mara ya kwanza wiki ile. Hata wifi alisema, "Asante, muganga," na akainama kuokota sahani.

Mzee mmoja wa ukoo, yule aliyesogeza kigoda siku ya kwanza, alikuwa bado anatazama jiwe ndani ya beseni. Aliniuliza kwa upole kabisa nimelitoa wapi.

Nilimwambia. Upande wa kusini, ng'ambo ya kijito, kwenye mawe yenye vigae. Nilisema vizuri, sentensi nzima, bila kukwama. Nilifurahi kwamba mtu mkubwa ananiuliza na ninajua jibu.

Mwanamke mmoja aliyekuwa amesogea karibu na beseni aliondoa mguu wake.

Ndipo nilipojua, pamoja na yaya, wakati uleule, kwa maneno ya mzee yule. Watu wa upande ule wa kijiji wanapozika mtu, huchukua mkeka aliolalia na nguo alizofia, wakaenda kuziosha kwenye mawe yale, na chungu alichonywea wanakivunja hapo. Maji ya pale ni ya wafu. Aliye hai anaosha anachopaswa kuosha, anaondoka bila kugeuka nyuma, wala hachukui hata tone kupeleka nyumbani. Jambo hili hawamwambii mgeni, kwa kuwa hawafikiri kuna mtu asiyelijua.

Mzee wa ukoo alimgeukia yaya. "Maji ya baba yako mukwe unachota wapi?"

Angeweza kusema uongo. Hakuna aliyewahi kumfuata, kwa jinsi alivyojua yeye. Lakini muda mfupi kabla ya hapo ukweli ulikuwa umemwokoa mbele ya macho ya wote, na nadhani aliuamini bado.

"Palepale," alisema. "Tangu alianza kuugua. Nilimutafutia maji ya safi."

Wifi aliweka sahani chini. "Mi nilimuona," alisema. "Kila asubui nilimuona anapita kijito na mutungi. Nilisema, acha nione roho yake itafika wapi."

"Uliniona?" yaya aliuliza. "Na hukuniambia?"

"Nikufundishe mi? Kwenu batu habakufi?"

Muganga alikuwa anafunga chupa yake. Yaya alimwita, akamwomba arudie aliyosema, kwamba mdudu hana ubaya. Muganga alisema ndiyo, mdudu hana ubaya. Alisema yeye aliitwa kutazama mdudu, na amemtazama. Alichukua kofia yake na kuaga kwa heshima.

Sasa mzee mgonjwa alitia vidole viwili mdomoni, mpaka ndani, akajaribu kutapika. Hakikutoka kitu ila mate. Alijaribu tena. Tumbo lile kubwa lilitikisika na miguu myembamba ikapiga udongo, na yaya alikwenda kumshika kichwa kama alivyomshika kila siku. Mzee alimsukuma kwa kiwiko.

"Asinisogelee," alisema. "Nilimuita binti. Alininywesha maji ya batu balikufa." Akaomba alazwe, na alipolazwa aligeuza uso ukutani.

Hukumu haikuchukua muda. Walisema hawamwiti mchawi, kwa kuwa muganga amethibitisha kwamba mdudu si wa uchawi. Walisema wao ni watu wa haki. Lakini mwanamke aliyemnywesha mkwewe maji yale hawezi kupika katika nyumba ile tena, wala kunyonyesha, wala kulala humo usiku ule. Shemeji aliulizwa kama ana neno. Alisema hana.

Wifi alikwenda nyuma ya yaya ili amchukue mtoto. Yaya alishika fundo la kanga kwa mikono yote miwili na akasimama tu, hakukimbia, hakupigana, alishika fundo. Wifi hakumgusa mikono. Alianza kumtekenya Kazee mgongoni, kwenye makwapa, akiimba wimbo wa kumbembeleza aliokuwa akimwimbia kila jioni, na mtoto akacheka, akajinyonganyonga, akasukuma miguu yake dhidi ya mama yake ili atoke. Akatoka kwa juu, mwenyewe, akanyoosha mikono kwa shangazi yake. Kanga ilibaki imefungwa, ndani hamna mtu.

Nilibeba mzigo wa yaya mpaka mahali barabara ya Fizi inapoanza kupanda. Nilikuwa nimeshaamua kwenda naye, shule ilikuwa imenichosha hata hivyo. Alinikataza. Shemeji alikuwa amesema naweza kubaki mpaka mtihani, kwamba mimi sina kosa.

"Bakia," aliniambia. "Kama unakuya na mi, kule hakuna mutu wangu hata mumoja. We utalala chumba kimoja na Kazee. Umuambie jina yangu. Kila siku, hata mara moja."

Nilibaki. Nilikula ugali wa wifi. Nilianza kumchotea mzee maji, kwa kuwa hapakuwa na mkwe, nikayachota mchangani mbele ya wanawake wote ili kila mtu aone, nikayachemsha kama muganga alivyosema. Mzee aliendelea kuvimba kwa maji ya mchangani pia. Shuleni habari zilikuwa zimefika kabla yangu, na waliacha kuniita Konokono. Hawakuniita chochote. Benchi langu lilikuwa na nafasi pande zote mbili.

Jioni nilimwambia Kazee jina la mama yake. Mwanzoni alilirudia na kuangalia mlango. Wifi alisikia, hakunigombeza. Alimpa mtoto kipande cha samaki, na siku iliyofuata, kabla sijasema, alimpa tena, mpaka jina lile likawa na maana ya samaki. Mtoto alilisema akinyoosha mkono kwenye chungu. Baada ya hapo sikujua kama ni vizuri kuendelea kulisema.

Yaya alishuka siku ya soko, mvua zikiwa zinakwisha. Alikuwa na kikapu cha maharage kichwani, na alikuwa amekonda kuliko nilivyotegemea. Hakuingia uwanjani. Alisimama nje ya ua, akabisha hodi kama mtu wa mbali. Wifi alimkaribisha vizuri. Alimtolea kigoda na maji ya kunywa, akamuuliza habari za wazazi, habari za mashamba, akasubiri majibu yote. Kazee alikuwa amejificha nyuma yake, akishika nguo yake kwa ngumi.

"Salimia mugeni," wifi alimwambia.

Mtoto alitoka polepole. Alitoa mikono miwili pamoja, kama alivyofundishwa kuwasalimu watu wazima, na akainamisha kichwa. Yaya aliipokea mikono ile, akaishika kwa muda wa salamu ya kawaida, akaiachia. Akamwambia amekuwa mkubwa. Mtoto alirudi nyuma ya nguo.

Maharage aliyaacha. Nilimsindikiza mpaka barabara ya mlimani, yeye mbele, mimi nyuma. Alipofika pale pa kuagana aliuliza kama mtoto anakohoa, nikasema hapana. Aliuliza kama anakula. Nikasema anakula sana. Kisha aliuliza kama anapoamka usiku bado anamwita.

Nilitaka kujibu upesi, lakini mimi si mtu wa upesi. Alisoma jibu usoni mwangu kabla sijalitoa, na bado alingoja nilitoe.

"Ameacha," nilimwambia.

Alikunja ngata yake upya, akaiweka kichwani, akapandisha kikapu kitupu juu yake, akaenda.